Gari Iliyozimika Mteremkoni

Shemeki yangu si mtu wa machozi. Asubuhi ile aliingia garaji yangu ya Butembo, akaegemea ukuta wa mabati, macho mekundu, akasema: “Shemeki, banasema niko nasimamisha gari kwa kusudi.”

Nilikuwa chini ya lori la mtu. Nikatoka huku mafuta yananichuruzika kwenye kiwiko. “Nani anasema?”

“Komanda wa eskorti. Na mama patron naye anaanza kuamini.”

Huyu ndiye mume wa dada yangu mdogo. Siku zote tulitaniana, yeye akiniita mwizi wa nyaya, mimi nikimwita dereva wa mbuzi, kwa sababu siku moja alipakia mbuzi kumi na mmoja ndani ya jipu na mmoja akala kofia ya abiria. Asubuhi hiyo hakuna aliyetania. Nilimpa kigoda akakaa, akanieleza yote tangu mwanzo.

Aliendesha jipu kuukuu ya mazutu, yaani dizeli, mali ya huyo mama patron, mfanyabiashara wa Butembo. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu na magunia mpaka Kasindi, mpakani, na kurudi na bidhaa. Kutoka Butembo mpaka Beni alikwenda mwenyewe. Kutoka Beni hakuna aendaye mwenyewe, labda aliyechoka na maisha. Magari yanangojana, askari wa eskorti wanatangulia, wengine wanafunga nyuma, mnakwenda mkia kwa mkia kwa sababu ya watu wa porini, wale waasi wanaovizia njia. Sheria ya msafara huo ni moja: gari ikizimika, wengine hawasimami.

Jipu ilikuwa imezimika mara tatu kwa mwezi mmoja, na mara zote tatu mahali pamoja, kwenye mteremko wa kushukia mto Semliki. Anafungua kapo, kifuniko cha moteri, anatazama, haoni kitu. Abiria wanashuka, wanatoa mizigo yao, wengine tayari wanaomba rozari kwa sauti. Robo saa inapita, anapiga ufunguo, gari inawaka bila mtu kuigusa. Wakati wa kurudi kutoka Kasindi haikuwahi kuzimika hata mara moja. Mara ya tatu askari wa nyuma walibaki nao, na komanda wao akamuuliza: kwa nini hapa tu? Kwa nini ukienda tu? Akatoa kalamu akaandika jina lake kwenye daftari.

Mama patron akampa mpaka Ijumaa. Alete fundi huko Beni, kwenye depo yake, amweleze komanda mbele yake gari ina ugonjwa gani. Fundi akieleza vizuri, jina linafutwa. Asipoeleza, aache ufunguo, na akajibu maswali kwa wale ambao kazi yao ni kuuliza.

Kwetu neno kama hilo si la kuchezea. Dereva akishasemwa kwamba anawasimamishia gari watu wa porini, si hakika ataiona Jumapili. Vijana wa mtaa wanaweza kumfikia kabla ya hakimu. Nimewahi kuona jambo hilo kwa macho yangu, tena mchana, na sitaki kulisimulia hapa.

Nilikasirika. Mimi nakasirika upesi. Marehemu mama yangu alisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nilimwambia shemeki: “Leta hiyo gari. Kama ugonjwa uko ndani ya waya, utanijua miye ni nani.” Ilikuwa Jumanne.

Sasa, moteri ya mazutu haina makuu. Ikishawaka haihitaji umeme mwingi. Inahitaji mkondo mdogo tu unaofika kwenye pompi na kushikilia mlango wa mafuta ubaki wazi. Mkondo huo ukikatika, mlango unajifunga na moteri inakufa kimya. Lakini ikiwa ni hewa au uchafu kwenye mafuta, inakufa kwa kukohoa. Kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa hilo.

“Inakohoaka mbele ya kufa?”

“Hapana. Inakufa tu. Sawa vile mutu anazima taa.”

Basi ni waya, nikasema moyoni, na nikafurahi, kwa sababu waya ni wangu. Nilisugua vichwa vya batiri, nikakaza mkanda wa masi, ule unaofunga umeme kwenye mwili wa gari, nikabadilisha fyuzi, nikasafisha kila kiunganishi. Halafu nikaiwasha na kuanza kutikisa nyaya moja moja huku inanguruma, nikingoja izimike. Haikuzimika. Nilipiga kwa kishikio cha bisibisi hapa na pale, nikavuta, nikapinda. Ilinguruma tu, mjinga yule, mpaka saa kumi jioni.

Chini ya dashibodi ndiko nilikopandwa na hasira. Gari hiyo ilitoka upande wa Uganda ikiwa na usukani wa kulia, na fundi mmoja alikuwa ameuhamishia kushoto. Kuhamisha usukani si dhambi, tunafanya wote. Lakini alikuwa amerefusha nyaya zote kwa waya wa rangi moja, nyekundu, ule wa kuvutia umeme wa nyumba! Unashika waya, hujui ni wa taa, wa honi au wa roho yako. Nikatoa kichwa nje nikapiga kelele uwanja mzima usikie: “Nani alifanya uchafu huu? Huyu si fundi, huyu ni mchinjaji! Mungu amunyime mikono!” Wachomeleaji wa jirani walicheka mpaka wakavua miwani. Mimi nami nikacheka, nikijiona bingwa.

Jumatano tuliipeleka barabarani. Kabla ya kutoka nilivuta waya mrefu kutoka pale umeme unapoingilia pompi, nikaupitisha dirishani, nikaufunga na taa ndogo karibu na kioo cha dereva. Maana yake ni rahisi: taa ikiwaka, pompi inakula umeme. Gari ikizimika na taa ikabaki inawaka, kosa ni mafuta. Ikizimika na taa ikafa pamoja nayo, kosa ni waya. Niliifunga taa hiyo kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, fundo mbili na kugeuza mkia chini, vile mama yangu alivyofunga vitunguu vya soko. Wenzangu hutumia utepe mweusi. Joto likija utepe unaachia, mpira wangu unabaki. Butembo nzima inalijua fundo langu.

Tulipanda vilima, tukashuka vilima. Tulipita mashimo ambayo ungeweza kufugia samaki. Taa iliwaka tu na kutukodolea jicho. Shemeki aliendesha mikono yote miwili imeshika usukani, na kila tukishuka mteremko alipunguza mwendo, macho kwenye taa.

Tuliporudi, fundi mwingine wa pale, mtu wa pompi, akasema: “Mutoe pompi, iko na kufa ndani.” Nilimtukana. Halafu nikamgeukia shemeki na kumtukana yeye pia, kwamba labda gari haina ugonjwa, labda ni mguu wake. Nilijuta kabla sijafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limetoka.

Akasema polepole: “Shemeki, ikiwa tupu haizimikake. Inazimika wakati iko na mizigo tu. Ya kutoka Beni.”

“Na juu ya nini hukusema tangu jana?”

“Hukuniuliza. Ulikuwa unapiga kelele.”

Kweli. Hata sasa nikikumbuka jibu hilo uso unaniwaka. Sisi mafundi wa gari tuna desturi moja ya kijinga: gari ya mteja ikiingia garaji, kitu cha kwanza ni kuitoa mizigo yote. Tunaipima tupu, safi, haina hata jeki. Kwa siku mbili nilikuwa napima gari ambayo haikuwa ile iliyougua.

Alhamisi kulikuwa na soko Musienene. Tulikwenda sisi wawili tu, tukapakia magunia manane ya maharage ya mama mmoja aliyetaka yafike Butembo. Nikamwambia shemeki ayapange vilevile anavyopanga magunia ya kakao kule Beni. Aliyalaza nyuma ya viti viwili vya mbele, moja juu ya jingine, mpaka karibu na dari. Tukaanza kurudi. Taa inawaka. Tulipanda, taa inawaka. Tukafika juu ya mteremko mmoja mkali, wenye mawe, migomba kushoto na kulia, tukaanza kuteremka. Magunia yakasogea mbele kidogo, nikayasikia yanasukuma mgongo wa kiti changu. Taa ikafa. Moteri nayo ikafa, bila kukohoa. Tukabaki tunateremka kimya, tunasikia mawe tu chini ya magurudumu.

“Bwana Yesu,” shemeki akasema. “Njo hii. Njo hii yenyewe, ndiyo ile ya Semliki!”

Alipiga breki pembeni. Nikaruka nje na taa yangu ya pili, nikapima pale kwenye ufunguo: umeme upo. Kwenye pompi: hakuna. Basi umepotea katikati. Nilimwambia asiguse kitu, halafu nikamwambia ashushe magunia, moja moja, na mimi niikazie macho ile taa ya kioo. Gunia la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu mpaka la saba, hakuna. Alipovuta lile la chini kabisa, lililolala katikati, nyuma tu ya viti viwili, taa ikawaka.

Tulipiga kelele sote wawili. Mwanamke aliyepita na kikapu mgongoni alisimama kututazama, akaenda zake. Nikaingia ndani, nikabonyeza zulia kwa kiganja pale gunia lilipokuwa. Taa ikazimika. Nikaachia, ikawaka. Nikabonyeza tena. Nilikuwa nacheka.

Nikalikata zulia kwa kisu. Chini yake kulikuwa na kishimo kwenye bati, na ndani ya kishimo kifungo cheusi, ukubwa wa kidole gumba, nyaya mbili zikiingia. Kilikuwa kimelegea ndani kwa uzee: uzito ukikilalia kinakata, uzito ukiondoka kinashika tena. Na nyaya zile mbili zilikuwa zimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, fundo mbili, mkia umegeuzwa chini.

Nililigusa fundo kwa kidole, mara mbili.

Lazima nieleze. Kuna miaka ambayo magari yaliibwa sana njiani, na dereva alishushwa na kuambiwa aende kwa miguu. Ndipo sisi mafundi wa umeme tukaanza kuweka kifungo cha siri. Unakata ule mkondo mdogo wa pompi, unaupitisha mahali pasipofikirika, mwenye gari anabonyeza bila kuonekana, na mwizi anabaki na chuma kisichokwenda. Kazi hiyo ilifanywa milango imefungwa, mimi na mwenye gari tu. Kabla sijaanza tuliapishana: yeye hamwambii mtu, si mke wake, si dereva wake. Dereva hasa, kwa sababu dereva ndiye aliyeogopwa. Mimi nami simwambii mtu. Niliweka vifungo vinane mjini, nikavisahau kwa makusudi, kwa sababu siri inayokumbukwa sana inatoka. Hakuna aliyefikiri kwamba gari inauzwa. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anakufa. Mwenye jipu hii, mfanyabiashara wa kahawa, alikufa kwa ugonjwa wake akiwa ametunza kiapo, watoto wake wakaiuza, ikapakwa rangi nyingine, ikahamishwa usukani, ikauzwa tena. Siri ilikuwa inasafiri ndani yake, na mimi mwenyewe niliinama juu yake siku mbili bila kuitambua.

Shemeki alikuwa ameinama begani kwangu. Fundo aliliona. Alikuwa amekula mezani kwangu miaka kumi na miwili, hakuhitaji kuambiwa.

“Ni mukono yako.”

“Ni yangu.”

Alikaa juu ya gunia la maharage pale barabarani. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Alichukua jiwe dogo akalitupa kwenye migomba, akachukua jingine. Mwisho akasema: “Toa hiyo kitu. Funga waya sawa. Na kesho tuseme panya.”

“Panya?”

“Panya ilikula waya. Kila mutu anajua panya. Hakuna mutu atauliza panya ilikuwa shemeki ya nani.”

Nilielewa maana yake, nikakubali. Nilikitoa kifungo, nikaunganisha waya moja kwa moja, nikaufunga imara, tukapakia tena magunia yote manane na kuuteremka mteremko ule ule mara mbili, tukiupanda na kushuka tena. Taa haikupepesa. Shemeki alijawa na furaha, akaanza kuniita mwizi wa nyaya. Kifungo nilikitia mfukoni, kwa sababu mimi sijawahi kutupa kitu kilichotoka kwenye gari. Ni tabia tu.

Ijumaa tulikuwa Beni kabla ya saa nne. Depo ya mama patron ilinuka kakao inayokaushwa, harufu ile chachu inayokushika kooni. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kichwani, ufunguo wa jipu mezani mbele yake. Alikuwa mwanamke mwenye haki. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, dada yangu alipojifungua kwa kupasuliwa, mama huyo ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari hiyo hiyo. Komanda alikuja na askari mmoja. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mbali, mwenye adabu, buti zimepigwa rangi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala. Aliweka daftari mezani.

“Fundi, likambo nini? Gari iko na shida gani?”

“Panya, komanda. Ilikula waya ya pompi chini ya zulia. Nimefunga. Imekwisha.”

Mama patron akashusha pumzi. Nakumbuka vizuri: akanyoosha mkono kuusogeza ufunguo upande wa shemeki. Tulikuwa tumefika. Ingekuwa mtu mwingine angesema asante, angeondoka.

Komanda akatabasamu. “Hiyo panya iko na saa? Inajua kusema sasa tumefika Semliki, nikule waya?” Askari wake akacheka. “Bafundi ya Butembo! Gari ikimushinda, ni panya. Kwetu, fundi sawa huyu angechunga bata.”

Alikuwa anatania tu. Leo najua. Kalamu ilikuwa mkononi mwake tayari kufuta. Nilihisi mguu wa shemeki unakanyaga wangu chini ya meza, unakanyaga kwa nguvu. Lakini damu ilikuwa imenipanda. Mimi nichunge bata? Mimi niliyeutafuta ugonjwa siku tatu mpaka nikaushika kwa taa? Nikatia mkono mfukoni nikakiweka kifungo juu ya daftari lake.

“Hapana panya,” nikasema. “Ni hii.”

Nilieleza vizuri. Mungu anisamehe, nilieleza vizuri mno. Nilieleza mkondo wa pompi, nikaeleza magunia yanavyosogea mbele gari ikiteremka, na kwamba kutoka Butembo mpaka Beni hakuna gunia pale katikati, magunia yanaongezwa hapa, kwenye depo hii. Nikaeleza kwa nini abiria wakishusha mizigo inawaka tena, na kwa nini wakati wa kurudi haizimiki: mteremko umekuwa mlima, magunia yanaegemea nyuma. Kila kitu kilikaa mahali pake. Mama patron alikuwa ameacha ufunguo katikati ya meza, anasikiliza. Komanda naye alisikiliza, hakucheka tena. Ndipo akaanza kuuliza, polepole.

“Donc, ni kusema mutu akifinya hapa, gari inakufa.”

“Ndiyo.”

“Akiachia, inafufuka.”

“Ndiyo, komanda.”

“Na mutu akiwa ku usukani, mukono yake inaweza kufika?”

Nikasema inafika. Nikasema ndiyo maana nilikiweka kifungo pale katikati, ili aliye kwenye usukani ashushe mkono nyuma ya kiti na kukigusa bila mtu kuona. Nilisema hivyo kwa majivuno. Nilionyesha kwa mkono wangu mwenyewe, nimekaa kwenye kiti, namna anavyoushusha.

“Ah. Ni weye uliweka.”

“Ni miye.”

“Na huyu shofa wa gari ni nani yako?”

Shemeki alikuwa ameangalia sakafu. Mama patron ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisomea barua: “Alioa dada yake.”

Hakuna aliyefoka. Komanda alifungua daftari, akanitazama, akauliza jina langu na la baba yangu, akaandika chini ya jina la shemeki. Walituweka pale mpaka saa tisa, wakatuuliza mmoja mmoja, yale yale. Niliapa kwa Bikira Maria kwamba hakujua. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kusikika mwongo, hata masikioni mwangu mwenyewe. Kilichotuokoa ni mama patron kusema kwamba hataki kesi, anataka ufunguo wake tu. Shemeki aliusukuma ule ufunguo kwake kwa ncha ya kidole. Tulirudi Butembo tumekaa nyuma ya lori, juu ya mbao, kila mmoja upande wake.

Niliungama. Nilimwambia padri kwamba nimetenda dhambi kwa kusema kweli. Akaniomba nirudie, hakusikia vizuri. Niliporudia nikajisikia ninavyodanganya. Kwa sababu haikuwa kweli niliyotaka kuisema pale mezani. Nilitaka komanda ajue kwamba mimi si wa kuchunga bata. Padri alinipa sala chache, akanihurumia.

Neno lilitangulia mbele yetu. Wiki ile ile Butembo ilikuwa inasimulia habari za mashemeki wawili na kifungo chao. Niliwafuata wenye magari yale mengine, wale niliowakumbuka, nikavitoa vifungo vitano. Wawili sikuwapata, magari yao yameuzwa mbali. Wateja waliendelea kuja kwangu. Ajabu, walikuja hata zaidi, kwa sababu sasa ilijulikana kwamba najua. Lakini shemeki hakupata usukani tena. Alizunguka kwa kila mwenye gari, wale wale waliomgombania zamani, wakampa maji ya kunywa na kumuuliza habari za watoto. Vijana wa mtaa wake wakaanza kunyamaza anapopita. Dada yangu aliogopa ule ukimya. Mwezi wa pili baada ya ile Ijumaa walifunga vitu vyao wakaenda Kipese, juu huko milimani, kwenye shamba la baba yetu. Kwetu mwanaume hakai kwenye ardhi ya wakwe zake. Akikaa, hata watoto wanalijua jina la kumwita. Alikwenda.

Nilikaa miezi minne kabla sijapata uso wa kuwafuata. Nilipofika walikuwa shambani, ukungu haujainuka, wanachimba viazi, yeye mstari mmoja, dada yangu mwingine. Alikuwa amekonda. Alinisalimia vizuri, akaniuliza safari, akaniuliza garaji. Mimi nilikuwa na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nikamwambia nitakwenda tena Beni, nimtafute komanda yule, nimweleze upya, safari hii kwa utulivu. Nikamwambia nimepata mtu wa Musienene mwenye kamyoneti, lori dogo, anayetafuta dereva, nitamweleza mambo yote yalivyokuwa, ataelewa, nitamchorea hata kwenye karatasi.

Aliegemea mpini wa jembe. “Shemeki,” akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa nayo. “Kama unataka kunisaidia, nyamaza. Ile tu. Usinielezee tena kwa mutu.”

Nilitaka kujibu. Dada yangu alinyanyua kichwa akaniangalia, nikayameza maneno yangu. Palikuwa na jembe limelazwa pembeni. Nililichukua, nikaanza mstari wangu karibu na wake, nikichimba kwa nguvu zote, bila neno, jasho linaniingia machoni. Sijui nilikwenda hatua ngapi. Nilisikia miguu ya dada yangu nyuma yangu, kisha mkono wake juu ya mpini, akinitoa jembe mkononi taratibu.

“Yaya, kaka yangu, acha,” akasema. “Unakata viazi.”